Macho ya Pandu na Halwa ya Bure

Mkunazini sote tulikuwa tunalipia halwa, isipokuwa Pandu. Alikuwa fundi wa viatu vya makubadhi, hodari wa kazi na mvivu wa kuianza, na macho yake yalikuwa ya kijivu, kama ya paka. Watu waliamini macho ya namna ile yana husuda: yakikitazama chakula, kinaharibika. Kwa hiyo Abdulla, muuza halwa, akimwona tu anakuja hukata kipande upesi na kumpa, aondoke kabla hajaichungulia sufuria. Kwenye harusi ni hivyo hivyo. Sisi tunangoja na njaa zetu, yeye keshapelekewa sinia la pilau peke yake nyuma ya nyumba. Nilimwonea gere, sifichi.

Pandu hakuwahi kumkanushia mtu habari hiyo ya husuda. Hamu ya halwa ikimzidi, hukodoa macho kidogo.

Mambo yakaharibika alipompenda Mwanaasha, aliyekuwa akijifunza unesi hospitali. Mwanaasha naye alimpenda, lakini mama yake, Bi Mwatum, alikataa katakata.

"Siingizi husuda nyumbani kwangu. Nna kuku mie."

Ijumaa moja Mwanaasha akafukiza udi, akakiweka chetezo mbele ya mlango mweusi.

"Mama, moshi una rangi gani?"

"Buluu kidogo."

Akakisogeza chetezo mbele ya dirisha lenye jua.

"Na sasa?"

"Mbona kama manjano?"

"Na moshi ni ule ule, haukutiwa rangi. Ndiyo macho ya Pandu hayo. Macho yetu sisi yamejaa rangi, ile ile ya ngozi, inaumeza mwanga. Yake imo kidogo tu. Mwanga unapita kwenye vinyuzi vyembamba, na nyuma yake mna giza kama mlango huu, basi vinyuzi vinaturudishia ubuluu wa kijivu, kama moshi. Hamna husuda, mama. Kapungukiwa rangi tu."

Bi Mwatum akafikiri. "Kumbe masikini," akasema, akakubali posa. Kisha akapita nyumba kwa nyumba mpaka Darajani kueleza kwamba macho ya mkwewe ni moshi mtupu.

Habari ikamfikia Abdulla. Pandu alipokuja, hakukatiwa kitu.

"Lipa, bwana. Macho yako moshi."

Hata kwenye karamu ya harusi yake hakuna aliyemkimbizia sinia. Alikula na sisi, akigombea nyama na mjomba wangu. Siku ile nilishiba vizuri sana. Pandu alimpenda mkewe kwa dhati, lakini alikonda.

Wakapata mtoto wa kike, macho kijivu. Pandu akatokwa na machozi ya furaha.

"Usijipe tamaa," Mwanaasha akamwambia. "Watoto wengine huzaliwa hivi, rangi haijaingia. Ikishaingia, yatakuwa meusi kama yangu."

"Itaingia lini?"

"Taratibu. Miezi."

Arobaini ilipotoka tu, Pandu akavaa kofia, akambeba mwanawe mpaka kwa Abdulla.

"Moshi huo," Abdulla akasema, akaendelea kukoroga.

Mtoto akaikodolea macho sufuria. Abdulla akakoroga. Mtoto hakupepesa. Mwishowe Abdulla akaweka mwiko chini, akakata kipande kikubwa kuliko vyote nilivyopata kuviona dukani pale.

"Chukua, nenda naye. Bi Mwatum kanieleza macho yako wewe. Ya huyu hajanieleza."

Mimi nilikuwa nyuma yao. Nikalipa.