Taa ya Kuazima

Shida zangu zilianza mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na mitatu, vita vilipoingia Bukavu. Lakini harufu iliyonikaa puani ni ya vitunguu na viazi, Gaithersburg, Marekani, miaka miwili baadaye, jikoni kwa Bi Hana. Mama alikuwa akimtunza. Bi Hana alikuwa Myahudi wa Polandi, mzee, aliyetoka hai katika kambi za Wanazi, na alikuwa akiandika kitabu cha mambo hayo. Kila nikitoka shule nawakuta wanabishana, mimi mkalimani. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote nilizofanya, na nimesafisha vyoo. Binti wa Bi Hana alikuwa akimpigia chapa kurasa na kuzipamba kwa maneno, Bi Hana anafuta.

"Njaa iliyonguruma kama simba! Simba sijamwona. Njaa nimeiona," Bi Hana alifoka.

Mama akacheka. "Muambie, chakula bila chumvi nani atakula? Kwetu njo vile, maneno yanavaa nguo."

"Mwambie mama yako wafu wangu hawakuwa na nguo."

Hilo sikulitafsiri.

Kisha zamu yetu ikafika. Ofisi ya uhamiaji ilitaka maelezo ya mama kwa maandishi, kwa nini tulikimbia; yakikataliwa, tunarudishwa. Kwetu mjane hasemi waziwazi mumewe alivyokufa. Kwa hiyo mama akaniambia, "Andika: baba yako alizimika kama taa." Bi Hana aliposoma Kiingereza changu, akagonga meza. Nani alimzima? Wapi? Alishika nini mkononi? Nilitamani kuwafungia wote wawili stoo. Mama alinuna siku tatu. Ya nne, akimenya viazi, macho chini, akasema: "Askari walimpiga risasi mlangoni. Alikuwa ameshika sufuria ya maharagwe. Umefurahi sasa, mama mzee?"

Nikaandika hivyo hivyo. Tulikubaliwa.

Bi Hana hakufurahi. Aliniomba karatasi ya kwanza, akanakili ile taa kitabuni mwake, kwenye ukurasa wa mdogo wake aliyefia kambini. Nikapandwa na hasira: miezi yote hii unafuta, leo unaazima?

"Mdogo wangu sikumwona akifa," alisema. "Nilichokiona nakisema. Nisichokiona, niazimeni taa."

Sikumaliza shule. Wanangu wamesoma, na kwa Kiingereza chao wananiambia nasema mambo makavu mno. Na waseme. Nina nyumba Manassas. Nina magari mawili. Nina kampuni ya kutunza wazee, wafanyakazi tisa. Nina kitabu cha Bi Hana, kurasa mia mbili, na ndani yake "kama" ni moja tu.