Dirisha la Chumba cha Razia

Watu wa Mji wa Kale walimwita Gaffar Moshi, ingawa hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Jina hilo lilitokana na mazoea yake kila alipokaribishwa nyumbani kwa mtu. Kabla ya kunywa kahawa aliomba chetezo chenye udi, akakiweka katikati ya chumba, kisha akakaa kimya kuutazama moshi unaelekea wapi.

"Bwana Moshi," wenyeji walimtania, "jini wetu umemwona akitokea wapi?"

"Hana pa kutokea," alijibu kwa upole. "Ndiyo maana watoto wanakohoa."

Hakuwa akifanya mchezo. Baba yake, Abdulhussein, muuza misumari na makufuli, alimpeleka Bombay kusomea usanifu wa majengo. Huko Gaffar aliiambatanisha shahada hiyo na masomo ya afya ya umma, kwa kuwa aliamini kwamba anayechora chumba huchora pia hewa itakayovutwa humo. Aliporudi, vita vilipokwisha, baba yake alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Nilikupeleka ukasomee kujenga, nawe umeniletea elimu ya kikohozi."

Mwanzoni mwa mwaka wa 1946 kikohozi kiliingia nyumbani mwao wenyewe. Daktari alimpima Razia, dada yake Gaffar, akasema ni kifua kikuu. Razia alilala chumba cha nyuma, ghorofani, chenye mlango mmoja na kisicho na dirisha. Gaffar aliweka chetezo chenye udi kidogo. Moshi ulipanda hadi kwenye boriti, ukazunguka, ukashuka taratibu juu ya kitanda.

"Kaka," Razia alisema, "hata moshi wako umechoka kutafuta njia."

Njia ilikuwa moja: kutoboa ukuta wa nyuma. Lakini ukuta huo ulitazama uani kwa jirani yao, Mzee Muhdhar, walikokaa wanawake wake. Katika mitaa ile mtu hafungui dirisha juu ya ua wa mwenzake bila kumwomba ruhusa, na mwenye kuomba hana budi kueleza sababu. Gaffar alichora dirisha lililo juu ya kimo cha mtu, hewa ipite na jicho lisipite, akampelekea baba yake.

"Utamwambia nini Muhdhar?" Abdulhussein aliuliza.

"Kwamba Razia mgonjwa."

"Ukimwambia Muhdhar umeuambia mji. Dada yako Akila ameposwa. Nani atachukua mke nyumba yenye kifua?"

"Basi ahamie chumba cha mbele, baba."

"Wanakokaa wageni wanaume? Wewe umesoma mambo mawili, mwanangu. Nitafutie dawa isiyopita kwa jirani."

Gaffar hakuthubutu kumvunjia baba yake heshima. Alitoboa dari, akajenga bomba la kupandisha hewa juu ya paa, kazi safi ya fundi aliyesoma. Hata hivyo alijua tangu alipoanza kwamba hewa haitoki mahali isipoweza kuingia. Alipoweka chetezo tena, moshi ulifika chini ya bomba, ukasita, ukarudi kitandani. Razia aliutazama, lakini safari hii hakuutania. Alifariki masika, mvua ikivuja kwa lile tundu la paa.

Siku ya matanga Mzee Muhdhar alikuja kutoa pole. Alikaa kwenye mkeka karibu na Gaffar na baba yake.

"Nilikuwa nikimsikia," alisema. "Tangu mwezi wa Mfunguo Sita, kabla ya masika. Kwangu sote tulikuwa tukimsikia."

Abdulhussein aliinamisha kichwa.

"Ningewapa ruhusa," Muhdhar aliendelea. "Wanawake wangu walishahama upande ule, ili mkitoboa msione haya. Nikangoja mje."

"Mbona hukutuambia, mzee?" Gaffar aliuliza.

"Nikwambie nini? Kwamba nasikiliza wanawake wako ukutani? Ukuta wenu, ugonjwa wenu. Aombaye ni mwenye ukuta."

Uchumba wa Akila haukuvunjika. Wakwe nao walikuwa wakijua.

Baada ya arubaini, Abdulhussein mwenyewe alikwenda kwa jirani kuomba. Gaffar alitoboa ukuta kulingana na mchoro wake wa kwanza, bila kubadili kitu. Kazi ilipokwisha Akila alimletea chetezo, na baba yao akasimama mlangoni bila kuingia. Moshi ulipanda, ukalala ubavu, ukatoka dirishani moja kwa moja.

"Umetoka," Abdulhussein alisema.

"Ndiyo, baba."

Gaffar aliungoja udi uishe. Kisha alimwaga jivu, akakifuta chetezo kwa kitambaa ndani na nje, akakirudisha rafuni.