Seng'enge ya Upande Mmoja

Ukitaka kujua harufu ya bwawa letu, chukua msumari wenye kutu uulambe. Ndiyo hiyo hiyo. Mvua ikinyesha huku milimani, juu ya Soni, udongo mwekundu ukilowa, harufu ile inapanda mpaka kwenye meza yangu ya mapeasi pale getini, inanikaba koo. Wateja wangu, vijana wa kutoka Dar, wanavuta pumzi wanasema, "Mama, hewa ya huku tamu!" Siwabishii. Nawachagulia mapeasi yaliyoiva, wanaenda zao kupanda boti za kukanyaga.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo mkiona narukaruka mnivumilie. Lakini hili nitalisema lote, na majina nitayataja. Nimenyamaza mpaka nimeota mvi, na wenye majina wengine wameshazikwa kwa heshima na kusomewa dua ndefu.

Kwanza, lile si bwawa. Ni shimo. Nilipokuwa mdogo sana hapo palikuwa na mlima, wa kawaida tu, wenye mikuyu na njia ya mbuzi. Wakaja watu wa machimbo kutafuta boksaiti, udongo mwekundu ambao ukiupeleka kiwandani unatoka sufuria. Wakaukata mlima kuanzia juu, ngazi kwa ngazi, malori yakashusha udongo kwenda Mombo mchana kutwa mpaka mlima ukageuka shimo. Msimamizi wao aliitwa Feliksi, mtu wa kofia nyeupe na kucheka kwa meno yote. Feliksi alisimama mkutanoni akaahidi kwamba wakimaliza watalifukia na kupanda miti. Baba alipiga makofi. Mimi nilikuwa mabegani kwake, nikapiga pia, sijui hata kwa nini.

Wakamaliza, Feliksi akaondoka na kofia yake. Walichotuachia ni seng'enge kuzunguka shimo lote, imepakwa alama nyekundu kila baada ya hatua mbili tatu, ili ikiibiwa ijulikane. Masika mawili, shimo likajaa maji. Kwa mbali yalikuwa ya kijani kama chupa ya soda. Yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Tulikuwa tunaegemea seng'enge, sisi watoto, tunayatazama mpaka miiba inatuachia alama kwenye magauni.

Sasa mtuelewe watu wa huku. Kuogelea hatujui. Maji yetu ni ya kijito, yanakufika gotini, baridi yake inauma mifupa, unachota unaondoka. Na ardhi yetu tunaishuka kwa ngazi. Mashamba yote yamekatwa ngazi, ya maharage, chini yake ya kabichi, chini yake ya viazi, mpaka bondeni. Mtoto wa huku hajui bado kusema vizuri lakini anajua kwamba ngazi ikiisha, chini yake ipo nyingine. Shusha mguu tu utaikuta.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Kibwana. Nilimwamkia shikamoo kila siku ya utoto wangu, na aliitikia vizuri, hilo namwachia. Huyu Kibwana aliona watu wanalipenda lile shimo, akapata wazo. Akafunga mapipa sita kwa kamba na mbao juu yake, chombo hicho akakiita pantoni. Akatangaza kwamba Idd ile watoto hawatazurura sokoni Soni, watakwenda kutembea bwawani, wapande pantoni, kuwe na mpiga picha na mandazi. Ila seng'enge ilikuwa inazuia watu. Basi akawaita wanaume wa kijiji waje kuing'oa kwa siku moja, na kila atakayefanya kazi atapewa kipande chake akazungushie shamba.

Baba alikwenda. Nakumbuka alivyorudi na duara la waya begani kama nyoka aliyelala, anacheka. Mbuzi wa jirani walikuwa wametutesa miaka. Jioni ile ile tulimshikia nguzo, mimi na dada yangu Zuhura, yeye anagonga misumari. Zuhura alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Akaziangalia zile alama nyekundu akasema, "Baba, shamba letu limepakwa hina, linaolewa!"

"Linaolewa na kabichi," Baba akamjibu. Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini.

Nilikuwa na furaha sana siku ile. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kuliko hata siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Idd. Tulivaa magauni ya njano ya kitambaa kimoja, na mimi nilikuwa na kandambili mpya, za kwanza ambazo hazikuwa zimepita kwanza kwenye miguu ya Zuhura. Nilizishika mkononi njia nzima zisichafuke. Zuhura akanitania, "Mwaju, umenunuliwa za kuvaa mikononi?"

Bwawani kulikuwa na watu kama mnadani. Kibwana alisimama na kanzu nyeupe na suruali amekunja hadi magotini, ndani ya maji, anawaita watoto. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamuuliza, "Mzee, hapa pana kina kiasi gani?"

"Kina gani, mama? Hujui shamba? Ni ngazi hizi hizi!" Akapiga hatua, akashuka ngazi moja, maji yakamfika mapajani. Akapanda. "Umeona? Hata kuku hazami."

Watu wakacheka. Kumbe ile ngazi ya kwanza ilikuwa imemomonyoka kwa mvua, imekuwa fupi. Za chini zilikatwa na mashine. Mashine haikati ngazi kwa kipimo cha mguu wa binadamu, inakata kwa urefu wa mkono wake wa chuma.

Tulisubiri zamu ya pantoni tukiwa tumesimama majini. Nilivaa kandambili zangu ili zionekane nikipanda. Matope yakaivuta moja, ikachomoka, ikaelea. Ikaenda hatua moja, ikasimama pale kama inanisubiri.

Nikaanza kulia. Zuhura akanishika bega. "Acha kilio siku ya Idd, wee. Baki hapo hapo. Nashuka ngazi moja tu nakuletea."

Akakunja gauni. Akashusha mguu jinsi tunavyoshuka shambani, bila kuangalia.

Hakupiga kelele. Alizama wima, mkono mmoja bado umeshika gauni lisilowe. Mimi nilidhani amechutama. Nikamwambia, "Zuhura, iko kulia." Nikasogea nimwonyeshe, na chini yangu hakukuwa na kitu.

Mengine sikuyaona. Naambiwa mpiga picha alinivuta kwa mguu wa kamera yake, ile miti mitatu. Nilitapika maji mekundu yenye ladha ya msumari. Zuhura walimtoa siku iliyofuata kwa kulabu za kuopolea ndoo kisimani, zilizoazimwa Mombo. Hakuna aliyeweza kuzamia, kwa sababu hakuna aliyejua.

Msibani Kibwana alikuja, akasema ni kazi ya Mungu. Wanawake wakaniangalia mimi. Mmoja alisema, hakujali kama nasikia, "Mtoto kafa kwa ajili ya ndala." Mama alimfukuza uani kwa Kishambaa, maneno ambayo sijayasikia kwake kabla wala baada. Lakini nilikuwa nimeshayabeba. Tangu siku ile mpaka nimekuwa mtu mzima niliamini kwamba muuaji ni mimi, na nikatembea miguu mitupu mpaka nilipoolewa.

Baada ya arobaini kukatokea jambo ambalo sikulielewa. Asubuhi tuliamka tukakuta mbuzi ndani ya shamba. Seng'enge yote haipo. Nguzo hazipo. Kabichi zililiwa mpaka mashina, na Baba amekaa kizingitini anawatazama mbuzi wanavyotafuna, hawafukuzi. Viganja vyake vilikuwa vimechanika. Mama akavisuuza kwa maji ya chumvi, anamuuliza umefanya nini, umefanya nini. Watu wakasema msiba umemgeuza akili. Mwaka ule tulikula makande ya kuomba kwa ndugu.

Wakati huo huo pale shimoni kukazuka seng'enge. Ya upande mmoja tu! Hatua kama thelathini, halafu imekatika, ukitaka unazunguka unapita. Watoto tuliicheka. Tulisema aliyeijenga ni mwehu, maana hata mbuzi angeizunguka. Mimi nami nilicheka, ingawa nilikuwa siendi karibu.

Miaka ikapita. Baba akafa, hakunieleza neno. Na sasa hapa pametengenezwa: kuna boti, vibanda vya makuti, muziki, na mimi nimepata meza getini. Wiki iliyopita meneja, kijana mdogo mwenye adabu, alinijia. "Shikamoo mama. Ile seng'enge mbovu kule nyuma ni ya nani? Tunataka kuing'oa, inaharibu picha za wageni."

Nikaenda naye kuiangalia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusogea kule tangu niko na miaka tisa. Nguzo zimeoza lakini waya umeshika. Nikaugusa, kutu ikanibaki vidoleni. Na chini ya kutu, kila baada ya hatua mbili tatu, rangi nyekundu.

Hina ya shamba letu.

Nilikaa chini kwenye matope, meneja akadhani nimepatwa na presha. Nikaona yote kwa mara moja: viganja, mbuzi, kizingiti. Baba aliirudisha. Usiku au alfajiri, peke yake, alibeba kipande chake akakirudisha mahali alipokitoa, na kilitosha pale tu mtoto wake aliposhushia mguu. Wanaume wengine walibaki na vipande vyao. Nyumba zao nazijua, na vipande vingine bado vimezungushiwa bustani za vitunguu.

Basi majina ni haya. Feliksi, aliyeacha shimo. Kibwana, aliyesema hata kuku hazami. Na Athumani, baba yangu, aliyeng'oa kwa ajili ya kabichi. Nimemtaja mwisho si kwa kuwa kosa lake ni dogo. Ni kwa kuwa ndiye pekee aliyejitaja, kwa waya ule, na sisi tukamcheka.

Langu nimeliondoa humo. Nilikuwa na miaka tisa, na ilikuwa kandambili tu.

Nilimwambia meneja seng'enge ni yangu, haing'olewi. Akasema, "Lakini mama, haizuii chochote. Ni ya upande mmoja."

"Najua," nikamwambia. "Huo ndio upande wetu."