Kabureta ya Injini Kubwa

Mimi ni fundi magari hapa Bariadi. Nilipomaliza kuifufua injini ya kigari changu, udadisi ukanishika: nikiifungia kabureta kubwa kuliko yake, itakwendaje? Nimekulia nyuma ya plau, na kwetu maksai mkubwa ndiye anayevuta. Nikafunga ya gari kubwa. Pale gereji injini ilinguruma kama radi, nami nikaridhika.

Kesho yake nikampakia baba mkwe kumrudisha kwake Sola. Njia nzima nilimtambia kwamba humo mbele nimefunga maksai mkubwa. Tulipofika kwenye mwinuko injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Kabureta ilimwaga petroli nyingi kuliko injini ilivyoweza kumeza. Nikapiga stata mpaka betri ikafa.

Mzee mmoja aliyekuwa akilima jirani akatufungia maksai wake wawili, wadogo na wamekonda. Wakalivuta gari taratibu mpaka uani kwa wakwe, shemeji zangu wote wakitazama.

Baba mkwe akashuka, akapapasa boneti.

"Mkwe," akasema kwa upole, "na huyu wa humu ndani tumfungue akale majani?"