Teleksi Isiyo na Irabu

Karatasi ile niliikuta kanisani. Mume wangu alibaki nyumbani na homa, nikabeba kitabu chake cha nyimbo kwa sababu changu sikukiona. Wakati wa sadaka nilipofungua, kipande cha karatasi ya teleksi kilinidondokea mapajani: LST CMNG NXT WK. WF ON IT. PLS DNT TLL HR.

Mume wangu alikuwa akiendesha teleksi, mashine ya kutumiana maandishi na ofisi za mbali, katika shirika moja la umma hapa Songea. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika jengo hilohilo, vyumba viwili kutoka chake. Mashine zikitulia, yeye na mwenzake wa makao makuu Dar es Salaam walipiga soga kwa Kiingereza walichokinyofoa irabu zote ili vidole visichoke. Mara nyingi nilimkuta akicheka peke yake mbele ya mashine, nami nikacheka bila kujua cha kuchekea.

Siku hiyo kikapu cha sadaka kilinipita. WF nilijua ni mke. Mwisho nao ulikuwa wazi: tafadhali usimwambie. Kilichonitesa ni LST. Ukitia irabu moja inakuwa mwisho, ukitia nyingine inakuwa kupotea, nyingine orodha, na ipo moja inayoigeuza kuwa tamaa ya mwili. Mimi, Mungu anisamehe, palepale kwenye benchi nilichagua hiyo ya tamaa. Inakuja wiki ijayo. Basi kuna mwanamke anakuja, na mke asiambiwe.

Niliirudisha karatasi kwenye ukurasa wake, nikafunga kitabu.

Kesho yake jioni mume wangu alifika nyumbani Lizaboni na cherehani kwenye mkokoteni. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu tena, ila maofisini watu walinong'ona tu kuhusu hali ya mashirika.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Yako, mama. Jifunze kushona."

"Nishone saa ngapi, nami nina kazi?"

Akainama kufungua kamba. "Cherehani haigombi na kazi."

Hakuwahi kuniletea zawadi bila sikukuu. Nikajua ananifunga mdomo. Usiku nilinusa shati lake; lilinuka wino wa mashine tu, na hilo likanitia shaka zaidi.

Jumatano, siku ya basi la kutoka Dar, niliaga ofisini kwamba naenda hospitali, nikaenda stendi. Nilisimama kwenye vitunguu nikijifanya nachagua, hadi basi lililolala Njombe lilipoingia. Akateremka mwanamke mrefu, amevaa suti ya kijani, na mkoba wa ngozi ameukumbatia kama mtoto mchanga. Akamuuliza mchukuzi njia. Alitaja shirika letu.

Nilimfuata kwa nyuma. Kwenye ngazi za ofisi mume wangu alikuwa anamsubiri. Alimwamkia, akanyoosha mkono kupokea mkoba, mwanamke akakataa. Hapo mume wangu aliinua macho akaniona barabarani, na vitunguu vyangu mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Ingia, mama," alisema taratibu. "Wanaitwa wote ukumbini."

Yule mwanamke aliufungua mkoba mbele yetu, akatoa orodha, akasoma majina ya waliopunguzwa kazini. Langu lilikuwa la sita. Wengine walilia. Mimi, aibu kusema, kwanza nilishusha pumzi. Kilio kilinijia baadaye, nilipokiona kiti changu na mashine imefunikwa kitambaa.

Jioni nilimwambia, "Ulijua."

"Nilijua. Tulikula kiapo cha siri. Ningekwambia, mwenzangu wa Dar angefukuzwa."

"Na mimi ulitaka nijue mbele za watu?"

Nilimweleza nilivyoisoma ile karatasi, kuanzia kanisani mpaka stendi. Nilidhani atacheka. Akakaa chini, akajifunika uso kwa mikono.

Nilishona sare za shule miaka mingi, na tulikula kwa sindano ile. Lakini kimya chake sikukiamini tena. Akinyamaza mezani, nilimtazama vidole. Mwaka mmoja baada ya mimi kupunguzwa, ofisini wakaleta faksi, na teleksi ikawekwa kando. Siku hiyo alirudi saa nne asubuhi, akaniambia akiwa bado mlangoni, hata kabla ya kuvua viatu:

"Mama, na mimi wamenitoa."

Nikamwambia anioneshe barua.