Siku Tuliyolifagia Vumbi la Kilima

Sogeza kigoda karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze kosa tulilolifanya kijiji kizima siku moja, kwa moyo safi kabisa, tena kwa mafagio.

Mama yangu anaishi kaskazini mwa Dodoma, upande wa njia iendayo Chemba, chini ya kilima cha mawe ya kijivu. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo na paa la bati, vyumba vitatu, aliijenga na marehemu baba. Mimi nafundisha shule ya msingi mjini na nimejenga huko huko, Nzuguni. Nikwambie mapema, usije ukaniona malaika: msingi wa nyumba yangu umejaa kokoto za kilima kile kile. Mji unakua, kila mtu anajenga, na zege haichanganywi kwa maneno. Vijana wengi wa kijiji chetu wanapata ugali wao pale machimboni. Kwa hiyo sijawahi kusema machimbo yafungwe, wala leo sisemi.

Machimbo yalianzia kwenye ncha ya mashariki ya kilima. Mwamba mzuri ulipokaribia kuisha pale, wenye machimbo wakaomba kupanua. Walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuja upande wa kusini, unaotazama nyumba zetu, ambako barabara ya malori ilikuwepo tayari. Au wangeweza kwenda upande wa kaskazini, unaotazama pori, ambako ingebidi watengeneze barabara mpya. Walipenda upande wetu, na mimi nisingewalaumu kwa hilo; hata maji hupenda njia iliyokwisha chimbwa.

Lakini kabla ya ruhusa, wataalamu walitakiwa waje kutazama athari kwa mazingira. Kama wangekuta nyumba za chini ya kilima zimeanza kuumia na watu wanakula vumbi, upande wa kusini usingeruhusiwa. Kama wangekuta hali ni shwari, machimbo yangesogea mpaka karibu na jiko la mama, na mama ingembidi ahamie kwangu.

Mama hakutaka kuhamia Nzuguni. Alishawahi kukaa kwangu wiki moja. Siku ya saba alifunga kanga zake kwenye kitambaa, akasema, "Huku kwenu mtu anapika geti limefungwa. Sasa nani atasikia harufu ya mboga yake aje kula?" Akarudi kilimani.

Hapa nisimame kidogo nieleze jambo, maana bila hili huwezi kuona tulivyokosea. Mwamba mgumu haukatwi kama mkate. Mashine hutoboa mashimo marefu, baruti hushindiliwa ndani, king'ora hulia, watu hukaa mbali, kisha mwamba hulipuliwa. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupasua mawe. Inayobaki husafiri ardhini, kama vile ukigonga beseni la maji ubavuni ukaona mawimbi yanafika upande wa pili. Nyumba ya zege na nondo hutikisika ikatulia. Nyumba ya matofali ya udongo hutikisika, na ikitikiswa mara nyingi hufungua ufa, mara nyingi kuanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, maana hapo ndipo ukuta ulipo dhaifu. Halafu kuna mtambo wa kusaga mawe, ambao vijana huuita krasha. Huo ndio mama wa vumbi. Na upepo wetu wa kiangazi hutoka mashariki, kwa hiyo kila kinachopaa kwenye krasha hutua kijijini. Mama huanika mlenda juu ya mwamba bapa nyuma ya nyumba, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Siku hizi alikuwa akiupepeta mara tatu kabla ya kuupika, na bado ukiutafuna meno yalikuwa yanalalamika.

Ufa wa kwanza ulitokea chumbani kwake, kwenye kona ya dirisha, ukateremka kama mstari wa mtoto anayejifunza kuchora. Nilimpa penseli ya shuleni. Nikamwonyesha: chora mstari mfupi kukatiza ncha ya ufa, pale unapoishia, na uandike tarehe pembeni. Ufa ukipita mstari, ujue ukuta unatembea, chora mwingine. Usipopita, ujue umetulia. Mama husoma Biblia na huandika vizuri, herufi zake zimesimama wima kama watu walio kanisani. Kazi hiyo aliipenda. Baada ya miezi kadhaa ufa ulikuwa na mistari mitano, kama ngazi inayoshuka. Nilijisemea moyoni, wataalamu wakija, ushahidi wetu ni huu hapa.

Wakaja siku ya Jumatano, mimi nikiwa darasani. Nilifika kijijini Jumamosi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekosa mambo. Tulipata wageni wa heshima."

Niliingia chumbani kutazama ngazi yangu. Ukuta ulikuwa laini na mwekundu, umesiribwa upya kwa udongo, umesuguliwa kwa kiganja mpaka unang'aa.

"Mama, ufa uko wapi?"

"Ufa gani?"

"Ufa wetu. Wenye tarehe."

"Nimeusiriba." Alinitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi. "Ulitaka wageni wa mjini wakute nyumba imepasuka? Wangesema huyu mama hana watoto."

"Na tarehe je?"

"Zimo humo humo chini ya udongo. Zitakwenda wapi?"

Nilikaa kitandani. Kidogo kidogo nikasikia yote. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza wageni siku mbili kabla. Kila nyumba ikafagia uwanja. Majirani wawili walipangusa majani ya mizabibu iliyo karibu na ofisi ya kijiji, jani kwa jani, kwa kitambaa chenye maji. Barabara ya malori ilimwagiwa maji kwa ndoo tangu alfajiri. Machimbo nayo hayakulipua siku hiyo wala kuwasha krasha, kwa heshima ya wageni. Mama aliona aibu kuwapa mlenda wenye mchanga, akaagiza mchicha kutoka sokoni.

"Waliwauliza kuhusu vumbi?"

"Walituuliza."

"Mkasema nini?"

"Tukasema hatujambo, tunamshukuru Mungu."

Usimcheke mama yangu. Kwetu mtu akikuuliza habari, jibu ni nzuri, hata kama ndani kuna mgonjwa. Unamkaribisha, anakaa, anakula, anaosha mikono. Ndipo unasema: nzuri, ila. Baada ya hiyo "ila" ndipo habari yenyewe huanza. Wataalamu walikuwa na vijiji vingine viwili vya kufika siku hiyo. Waliondoka kabla ya "ila".

Nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake. Alikuwa akimkata mbuzi kwato, akanisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza aliuachia mguu wa mbuzi.

"Mwalimu," alisema, "kwa hiyo tulifanya vizuri mno."

"Tulifanya vizuri mno, mwenyekiti."

"Nami ndiye niliyesimamia ndoo." Alicheka, halafu hakucheka tena. "Mama yako ni wa kwanza kando ya kilima. Wa pili ni mimi."

Lakini alikuwa na karatasi. Mtaalamu mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa ameiacha ofisini, ikisema maoni ya wananchi yanapokelewa kabla taarifa haijakamilika, na namba ya simu chini. Tukapiga pale pale, mbuzi akiwa shahidi. Nilimweleza yule mtaalamu habari ya mafagio, ya ndoo, ya mchicha, na ya ufa uliolala chini ya udongo.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilishangaa. Nimetembea kando ya krasha saa nzima na sikupiga chafya hata moja. Nitarudi. Siku sitaitaja. Na tafadhali, huo ukuta msiuguse tena."

Likizo ilikuwa imeanza Ijumaa ile, nikabaki kwa mama kuulinda ukuta. Hakuuamini ulinzi huo. "Umesoma miaka yote hiyo," aliniambia, "uje kukaa kuchunga udongo."

Machimbo yalirudi kazini. Siku ya pili king'ora kililia, ardhi ikagonga nyayo zetu, vyombo vikaitikia kabatini. Siku ya tano vivyo hivyo. Na ule udongo mpya wa mama ukaanza kusema. Nikueleze namna ya kuusoma. Udongo wowote ukikauka hupasuka, lakini hupasuka kwa vijistari vingi vidogo vilivyosukana kama wavu. Hivyo si vya kutisha. Ufa wa ukuta unaotembea huwa mstari mmoja, unaofuata njia yake ya zamani. Wavu ulitokea kwanza. Baadaye, juu ya wavu, mstari mmoja ulianza kwenye kona ya dirisha ukashuka. Mama aliufuata kwa kidole.

"Umerudi," alisema.

"Haukuondoka, mama."

Mtaalamu alikuja asubuhi moja kwa pikipiki, peke yake, mama akiwa anapepeta uwele. Uwanja haukufagiwa. Mama aliutupa ungo akaenda mbio kuchukua ufagio, nami nikamwahi nikaushika kwa upande wa pili. Tulisimama hivyo mbele ya mgeni, mama na binti, kila mmoja ameshika ncha ya ufagio.

"Achia," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Mama, achia wewe."

"Nitaaibika."

"Ukifagia, utahama."

Akauangalia uwanja. Akaangalia mlango wake. Akauachia ufagio.

"Shikamoo, mama," mgeni alisema.

"Mbukwa," mama akajibu kwa Kigogo, maana alishikwa hajajiandaa, na Kiswahili chake cha wageni alikuwa bado hajakivaa. Kisha akajirekebisha: "Marahaba. Karibu. Usikae hapo, pana vumbi."

"Hapo ndipo ninapotaka kukaa." Mgeni alipitisha kidole kwenye kigoda, akakitazama, akapiga picha kidole chake, kisha akakaa na sketi yake nyeusi.

Chumbani alitoa kisu kidogo. Aliondoa udongo taratibu kando ya mstari, kipande kwa kipande, kama mtu anayemenya yai. Chini yake zikajitokeza herufi za mama, zimesimama wima, tarehe moja baada ya nyingine, zote tano. Ncha ya ufa ilikuwa imeupita mstari wa tano kwa urefu wa kidole. Mgeni aliisoma ngazi ile kutoka juu mpaka chini.

"Nani aliandika?"

"Mimi," mama alisema. "Nikazisiriba mwenyewe."

Mchana tulimpa alichokuta: ugali wa uwele na mlenda wa juu ya mwamba. Alitafuna mara ya kwanza, akasita. Mama akainamisha uso.

"Mama, mboga yako ina kokoto."

"Hiyo siyo mboga yangu, mwanangu. Hicho ni kilima."

Wakacheka wote wawili, na mgeni akamaliza sahani, mchanga na vyote. Alipoosha mikono aliuliza tena swali la Jumatano ile: "Habari za hapa, mama?"

"Nzuri," mama alisema. "Ila."

Akaanza. Alieleza habari za kikohozi cha jirani, za kuku wanaoacha kuatamia kila king'ora kikilia, za mizabibu isiyoshika matunda upande wa barabara, za kulala akisikiliza ukuta. Sikuwahi kujua nusu ya hayo. Mgeni alijaza kurasa. Kisha akapita kila nyumba, akala kila mahali, akangoja "ila" ya kila mtu.

Ilipita miezi kabla karatasi haijabandikwa ofisi ya kijiji. Upande wa kusini haukuruhusiwa. Machimbo yamepanuliwa kaskazini, kwa masharti: krasha ifunikwe, boza limwage maji barabarani asubuhi na jioni, ulipuaji uwe kwa saa iliyopangwa na kujulikana, na ukingo upandwe miarobaini. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Pori la kaskazini limepungua, na wenye mizinga ya nyuki kule wamelazimika kuihamisha; wanasema nyuki wameanza kuizoea sehemu mpya, nami natumaini ni kweli. Siku boza likiharibika vumbi hurudi, na mwenyekiti huenda machimboni kuulizia kabla ya chai. Lakini miarobaini imeshika, mirefu kunizidi. Vijana wanaendelea kufanya kazi. Mlenda wa mama sasa hupepetwa mara moja.

Na mama yuko kwake. Ule ufa ameukataza usisiribwe, hata jirani akimtania kwamba chumba chake kimevaa nguo iliyochanika. Alichora mstari wa sita mwenyewe siku ile mgeni alipoondoka. Mvua za misimu miwili zimepita, na ufa haujaugusa. Nikifika, kabla hajaitikia shikamoo yangu, huniita chumbani.

"Njoo umwone mgonjwa wako. Bado amelala."

Basi, kama nawe unaishi karibu na machimbo, chukua penseli leo, chora mstari kwenye ncha ya ufa, andika tarehe pembeni yake, na usiusiribe mpaka mtaalamu aje auone.