Rimoti ya Mkono wa Kushoto

Kaka yangu aliniambia niache upuuzi, nami nikamwambia nitauacha siku atakapoacha kumsemea Baba. Tulikuwa tumesimama uani kwetu Uthiru, yeye na fundi wa mjengo aliyekuja na kamba ya kupimia, mimi nikiwa na bisibisi mkononi na treni ya Baba nimeilaza ubavu juu ya stuli. Kamba yao ilikuwa imekatiza reli katikati. Niliiruka na kurudi kwenye kazi yangu.

Baba aliendesha treni maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu alijitengenezea nyingine ndogo. Ilikuwa ya mabati mazito, ndefu kama mkono wa mtu mzima, na ndani yake alitia mota ya waipa iliyotolewa kwenye lori kuukuu. Reli zilikuwa vyuma bapa alivyovipigilia juu ya vipande vya mbao. Zilipita mbele ya jikoni, zikazunguka tangi la maji, zikafuata zizi lililobaki bila ng'ombe, kisha zikarudi mbele ya baraza. Umeme ulitoka kwenye betri ya gari, ukapitia kisanduku chenye kitasa, ukaingia kwenye reli, na kutoka hapo ukapanda kwa magurudumu. Baba alichuchumaa kando ya kisanduku, akazungusha kitasa, treni ikaondoka. Kila asubuhi alizisugua reli kwa msasa, maana umande wa kwetu haukosi, na chuma chenye kutu hakipitishi umeme vizuri.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yakaanza kumtoka moja moja, kwa taabu. Kuchuchumaa kukaisha, msasa ukaisha. Reli ziligeuka rangi ya udongo, naye akawa anashinda kwenye kiti chake barazani akizitazama.

Hapo ndipo kaka yangu alipoanza kuwaambia watu kwamba mzee hajui tena kinachoendelea. Kaka alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na miaka hiyo kila mwenye uwanja karibu na Waiyaki Way alikuwa anamwaga zege na kupandisha vyumba vya kukodisha. Yeye naye alitaka kung'oa reli na kujenga. Sikuwa na ugomvi na vyumba vya kukodisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa kwenye kimoja. Kilichonichoma ni kwamba uwanja ulikuwa wa Baba, Baba alikuwa hai, alikuwa amekaa pale pale, na hakuna aliyemuuliza. Baba mdogo, ndugu pekee wa Baba aliyekuwa amebaki, alikuwa ameitwa aje na wazee wa ukoo mwisho wa mwezi. Wangekula, wangeomba, kisha wangesema sawa, na kesho yake lori la mawe lingeingia.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mwana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Kwa hiyo Baba aliniita mama tangu nikinyonya, na kaka yangu naye Baba alimwita baba. Nyumbani mzee alikuwa na baba yake na mama yake, wote wawili amewazaa mwenyewe. Kwa watu wengi huo ni utani wa mapenzi tu. Kaka yangu aliuchukua kama cheo.

Basi nikasema, kama umeme hauwezi kupita kwenye reli, utakaa ndani ya treni. Na kama Baba hawezi kukifikia kitasa, kitasa kitamfuata kwenye kiti. Nilikuwa nikitengeneza simu katikati ya mji, kwenye kibanda chenye upana wa meza moja, na solda ndiyo iliyonilisha. Nilinunua gari la watoto la rimoti, nikalipasua, nikachukua vyombo vyake vya ndani na kuviunga kwenye mota ya Baba pamoja na betri ndogo ya king'ora. Jumapili baada ya kanisa nikamkabidhi rimoti.

Alibonyeza. Treni iliruka kutoka pale ilipokuwa, ikakimbia kama imefukuzwa, na kwenye kona ya tangi ikatoka relini na kulala chali.

"Mbuzi," Baba alisema, akaiweka rimoti sakafuni.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Rimoti ya watoto inajua mambo mawili tu, kwenda na kusimama. Dereva wa treni haendeshi hivyo. Mkono wake hupandisha nguvu hatua kwa hatua, wao huziita nochi, na katika kila nochi anangoja asikie mabehewa yameitikia. Ukimpa dereva kitu cha kuruka, umemtukana. Kaka yangu alikuwa ameona yote akiwa mlangoni. "Sasa umeona?" alisema. "Unamchosha mzee bure." Nilimwambia arudi kwa simiti yake.

Rimoti niliyoitaka niliipata Muthangari. Kuna familia ya wageni ilikuwa inahama nchi na kuuza vitu vya nyumba kwenye nyasi, mapazia, sufuria, vitanda vya watoto. Katikati ya hayo yote palikuwa na ndege ya kuchezea iliyovunjika bawa, na kando yake rimoti yake, nzito, yenye vijiti viwili na antena ndefu ya kuvuta. Mwenye nyumba alinieleza kwamba kijiti cha kushoto ndicho cha nguvu ya injini. Nilikishika nikakipandisha. Kilipanda kikigonga, tik, tik, tik, na nilipokiachilia hakikurudi. Kilibaki pale nilipokiacha.

Kushoto. Mkono aliobaki nao Baba. Machozi yalinitoka kwenye nyasi za watu, na mwenye nyumba, maskini, akadhani nalilia ndege.

"Usikate huu waya," alinisihi akinionyesha uzi mwembamba mrefu uliotoka kwenye risiva, kile kijisanduku kinachopokea mawimbi. "Hata ukiona ni mrefu sana. Ndio sikio lake."

Kibandani mafundi wenzangu walinitania wiki nzima. "Madam, siku hizi umeandikwa na reli?" mmoja aliniuliza. "Na hii ndege imekufa aje ikakuwa treni?"

"Imeokoka," nikamjibu, nikaendelea kusolda.

Nilitoa risiva kwenye ndege, nikatoa na ubao mdogo unaoamua mota ipewe nguvu kiasi gani, nikaviweka ndani ya treni juu ya betri. Mara ya kwanza mota ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, kwa sababu cheche zake zilikuwa zinaisumbua risiva. Dawa ya hiyo niliijua kutoka kwenye redio. Nilisolda kapasita ndogo kwenye miguu ya mota, ikatulia. Nilipata pia kimota kidogo kilichokuwa kikigeuza mkia wa ndege, nikakipa kazi ya kubonyeza swichi ya honi ya pikipiki. Kijiti kile kile cha kushoto ukikisukuma kando, honi inalia. Mkono mmoja, kazi zote.

Mezani kila kitu kilikubali. Uthiru kikakataa. Nilifunga bonneti, Baba akapandisha kijiti, treni ikaondoka taratibu kama anavyotaka mwenyewe, nami nikaanza kupiga makofi. Ilipofika nyuma ya tangi ikafa. Nikairudisha, ikaondoka, ikafa pale pale. Kaka yangu alikuwa amekuja tena na yule fundi wake. "Si nilikuambia?" alisema, na fundi akacheka kwa adabu ya mtu anayengoja kazi.

Nilifungua bonneti, nikaona kosa langu. Ule waya mrefu nilikuwa nimeukunja vizuri na kuufungia ndani ya mabati pande zote. Ni kama kumwita mtu uliyemfunika na karai. Ilibidi waya ulale umenyooka, na juu yake pasiwe na chuma. Maana yake ilikuwa kukata paa la treni, lile paa alilolikunja Baba mwenyewe kwa nyundo wakati mikono yake yote ilikuwa mizima.

Nilichukua msumeno wa chuma, nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Baba, hapa ni lazima nikate. Nikate?"

Alilitazama lile paa kwa muda mrefu. Nilingoja. Nilikuwa nimeapa kwamba asiponijibu sitakata, hata kama treni itabaki kipande cha chuma.

"Kata, mama," alisema.

Nilikata. Paa jipya nilitengeneza kwa plastiki ya mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, nikalaza waya chini yake, mzima kama nilivyoagizwa. Treni yenye kofia ya manjano haikuwa nzuri, lakini ilizunguka tangi, ikapita zizi, ikarudi barazani bila kukohoa. Kitu kimoja kilimfurahisha Baba kuliko vyote. Ukiiwasha ile mitambo kabla kijiti hakijashushwa mpaka chini, mota haiamki. Inakungoja ushushe kwanza. Alipogundua hilo alicheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unacheka, akaizima na kuiwasha tena na tena, kwa sababu hata mashine aliyoiendesha kazini ilimdai nidhamu hiyo hiyo. Tangu siku hiyo alitaka apelekwe barazani mapema, na chai akaja kuinywa akiwa na rimoti mapajani.

Wazee walikuja Jumamosi. Walikaa kwenye viti vya plastiki uani, wakala mukimo na nyama, wakaomba, na baba mdogo akaomba chai ya tatu. Alikuwa mtu mnene, mpole, asiyependa kugombana na yeyote, na kaka yangu alilijua hilo vizuri. Kaka alisimama katikati ya uwanja ili aonyeshe kwa mikono mahali vyumba vitakapokaa. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya reli.

"Mzee wetu mnamwona," alisema. "Tunampenda, lakini hayuko na sisi tena. Sasa mimi kama kifungua mimba..."

"Yuko," nilisema.

"Wacha watu wazima waongee. Mambo ya ardhi si ya wasichana."

"Mimi si msichana hapa. Mimi ni mama wa mzee. Muulize baba mdogo kama si kweli."

Baba mdogo alipaliwa na chai. Jina langu lilikuwa la mama yake pia, kwani yeye na Baba walizaliwa tumbo moja, na hajawahi kuniita vingine. Wazee walianza kucheka. "Hapo amenifunga," alimwambia kaka yangu, akijipangusa. "Huyo ni mama. Siwezi mwambia anyamaze, hata mimi atanichapa."

Walikuwa bado wanacheka treni ilipotokea mbele ya jikoni. Hakuna aliyekuwa ameitazama ikianza. Ilizunguka tangi polepole, kofia yake ya manjano ikiyumba kidogo, ikapita zizi, ikaja moja kwa moja kwa kaka yangu. Ikapunguza mwendo, ikapunguza tena, ikasimama karibu na kiatu chake, kiganja kimoja tu kikiwa kimebaki. Kisha ikapiga honi.

"Zima hicho kitu," kaka aliniambia.

Nilinyanyua mikono yangu, mitupu. "Si mimi."

Wote waligeuka kutazama barazani. Baba alikuwa amekaa wima, antena imevutwa mpaka mwisho, kidole gumba cha kushoto juu ya kijiti. Akapiga honi tena. Hakumsogelea kaka, hakurudi nyuma. Alingoja, na uwanja mzima ukangoja naye.

Kaka yangu alitoa mguu. Treni ikaondoka, nochi moja, nyingine, nyingine.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Alinyanyuka kwa shida, akavuka uwanja kwa kuziruka reli kwa uangalifu, akapanda barazani na kuinama mbele ya ndugu yake.

"Wanataka kujenga hapa," alimwambia. "Nyumba za kukodisha. Watoe reli. Wewe unasemaje?"

Baba alishusha kijiti mpaka chini kabisa, treni ikasimama mbele ya zizi.

"Hapana," alisema.

"Hajaelewa swali," kaka alisema kutoka chini.

Baba aligeuza shingo taratibu mpaka akamwona. Tangu augue sikuwa nimemsikia akitoa maneno zaidi ya mawili kwa mkupuo mmoja, na nilimwona akiyakusanya, mdomo ukifanya kazi kabla ya sauti kufika.

"Nimeelewa, baba," alimwambia mwanawe. "Ni wewe... hujawahi... niuliza."